Mgeni Hafiki

Mtoto nilikabidhiwa Nduguti siku ya Jumatatu, na Alhamisi nilitakiwa niwe ndani ya basi la Arusha, niunganishe Nairobi. Kila aliyesikia mpango huo alinishangaa. Mama yangu mzazi, pale Mandewa, alisema nimwachie yeye kwa siku kumi, nikirudi nitamkuta amenenepa. Nikamwambia hapana. Nilijua kitakachotokea: ningerudi nimkute amemzoea yeye, halafu mimi nibaki mtu wa kupita na mizigo. Nilikuwa na miaka kumi na moja ndani ya ndoa bila mtoto, na nilikuwa nimechoka kuwa shangazi wa kila mtu.

Alikuwa binti wa marehemu wifi yangu, mdogo wa mume wangu, aliyefariki wakati mtoto hajaanza hata kukaa. Bibi yake, yaani mama mkwe wangu, alimlea kwa maziwa na uji wa uwele mpaka akakaribia miaka mitatu. Kisha magoti yakamkataa. Akamwita mume wangu akamwambia, mchukueni, mimi mtoto huyu akikimbia siwezi tena kumfuata. Mume wangu alikuja kunieleza huku anatazama sakafu, akidhani nitakasirika. Nilikwenda chumbani nikafunga mlango, nikalia kwa furaha, nikatoka nimenawa uso nikamjibu kwamba nitafikiria.

Zile zilikuwa enzi za ruksa. Miaka michache nyuma tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, sasa duka letu la mjini Singida lilikuwa na sweta, vitenge na viatu vya plastiki vya rangi ambazo hazijulikani hata majina. Mume wangu alikaa dukani, mimi nilisafiri. Wanawake wengi tulifanya hivyo wakati ule, tukavuka mpaka na mabegi ya nailoni makubwa kuliko sisi. Safari hiyo ningeweza kuiahirisha. Sikuiahirisha kwa sababu ya ukaidi tu, na kwa sababu nilijiwekea ahadi ya kijinga: tukirudi Singida naye bado ananitazama kama anavyotazama watu wa barabarani, nitamrudisha kwa bibi yake, na sitaomba mtoto tena kwa mtu wala kwa Mungu.

Siku ile ya Nduguti nilijiandaa kwa vilio. Nilibeba biskuti, nilibeba mwanasesere, nilibeba hata kanga yangu kuukuu niliyokuwa nimelala nayo ili aizoee harufu, maana niliambiwa inasaidia. Sikuhitaji kitu. Bibi alimvika gauni la sikukuu, akamfunga kamba za viatu, akamwambia maneno mafupi kwa Kinyiramba. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Akanijia, akasema, "Shikamoo," halafu akauchukua mkoba wangu wa mkononi, akaukumbatia kwa mikono yote miwili, akatangulia njiani.

Hakugeuka nyuma. Nilimwangalia bibi, nikaona ameshika nguzo ya kibaraza na midomo imebana. Mimi nilikuwa mwepesi mno siku ile, sikutaka kufikiria midomo ya mtu. Niliona mkoba wangu umekumbatiwa na mtoto wa watu, nikadhani ameshaanza kunizoea.

Kinyiramba sikijui. Hilo nalisema kwa aibu, maana ndiyo lugha ya mume wangu. Kwetu Mandewa tulizungumza Kiswahili. Baba alikuja na Kiswahili chake kutoka pwani, na Kinyaturu cha mama tulikisikia zaidi akigombana na mtu. Nilipokwenda ukweni, bibi wa watu alihangaika na Kiswahili kwa ajili yangu. Kila nilipofika alimwambia mtoto kwa lugha ninayoielewa, kwa heshima, "Msalimie mgeni. Mpe mgeni maji. Mkaribishe mgeni." Nilifurahia heshima hiyo. Haikunipitia kichwani kwamba mtoto wa umri ule, akisikia mtu anaitwa neno moja siku zote, ataliweka kuwa jina lake.

Aliniita Mgeni. Usiku wa kwanza nyumbani alinivuta gauni akasema, "Mgeni, kojo," na mume wangu akacheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka kidogo. Nilijiambia jina litabadilika lenyewe, mambo ya watoto hayaharakishwi. Alilala na gauni lake na viatu vyake, akakataa kuvuliwa, si kwa kilio, ila kwa kukaza miguu. Mkoba aliuweka chini ya shingo. Asubuhi nilipotoka chumbani alisimama akanisalimia shikamoo. Nilipotoka msalani, shikamoo. Niliporudi kutoka kwa jirani kuomba chumvi, shikamoo. Siku ile niliitikia marahaba mpaka neno lenyewe likaniishia maana. Majirani walisema ana adabu mtoto huyu, amelelewa. Nikawa naitikia huku moyo unauma, maana mwanangu hatakiwi kuwa na adabu kwangu kiasi hicho.

Barabara ya Singida kwenda Babati wakati ule ilikuwa vumbi na mashimo tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtoto alikaa wima siku nzima. Nilimlaza kifuani, akajiinua. Nilimpa ndizi, akatikisa kichwa, kama watoto wetu wanavyofundishwa kukataa mara ya kwanza kwa watu. Sikujua nimbembeleze mara ngapi kabla hajaruhusiwa kukubali. Na kila basi liliposimama, Katesh, Babati, hata pale lilipozimika njiani, aliteremka kwenye kiti, akanyoosha gauni, akaniwekea mkoba mapajani na kuninyooshea mkono wake mdogo. Nilidhani anataka kujisaidia. Nilimshusha, nikamchuchumaza kichakani, hakujisaidia. Nilimpandisha tena. Basi likiondoka aliuchukua mkoba, akaukumbatia, akatazama mbele kwa uso wa mtu mzima aliyechoka. Tuliendelea hivyo mara saba au nane. Mara ya mwisho nilimfokea, nikamwambia kama hutaki kukojoa tulia. Alitulia.

Kutoka Arusha tulikaa na mama mmoja mchangamfu, muuza vitenge, ambaye alimsikia mtoto ananiita na tangu hapo akaniita Dada Mgeni. Kwa watu wa baba yangu Mgeni ni jina la kawaida kabisa la mwanamke, kwa hiyo wala hakushangaa. Nami nilikuwa nimechoka mno kumsahihisha. Nikawa Dada Mgeni mpaka mpakani.

Pale ofisa, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, alizisoma karatasi zangu taratibu. Pasi yangu ya kusafiria, karatasi ya mtoto, barua ya kijiji, cheti cha kifo cha mama yake. Kisha akainama dirishani akamuuliza mtoto, "Huyu ni nani wako?"

Mtoto akasema, "Shikamoo." Halafu akasema, "Mgeni."

Kijana akaniangalia. "Mgeni?"

Kabla sijafungua mdomo, yule mama wa vitenge akajitosa kutoka nyuma yangu. "Ndiyo jina lake, kaka! Dada Mgeni. Tumetoka naye Arusha, namjua vizuri kabisa."

Ofisa akaitazama pasi, ambayo ina jina langu, na jina langu si Mgeni wala halifanani nalo. Akaziweka karatasi zote pamoja, akazigonga mezani zikae sawa, akasema, "Mama, naomba ukae pembeni."

Alifanya kazi yake, simlaumu. Wakati ule watoto walivushwa na watu wabaya, na mimi mwenyewe ningekuwa yeye nisingejiruhusu. Nilikaa kwenye benchi. Mama wa vitenge alilia kwa niaba yangu kisha akapanda basi letu, likaondoka na begi langu la nguo. Kijana akataka kuona kama mtoto ananihitaji. Akamnyanyua, akaenda naye upande wa pili wa chumba, akakaa naye pale. Mtoto hakulia. Hakunitafuta hata kwa macho. Alikaa kwenye mkono wa mwanamume asiyemjua, ameushika mkoba wangu, anazitazama kalamu zake. Nimepigwa maishani, nimesemwa tasa mbele ya watu kwenye harusi, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia dakika zile. Nilifika mahali nikatamani wamchukue tu, nirudi nyumbani nikalale.

Mkuu wake alikuwa mama wa makamo. Alitoka ofisini na miwani imening'inia, akasoma ile barua ya kijiji, akatabasamu. "Nduguti? Mimi nimezaliwa Kiomboi." Akavuta kiti, akakaa mbele ya mtoto, akamsemesha Kinyiramba.

Na mtoto wangu akazungumza. Siku tano nilikuwa naye, na maneno niliyoyapata kwake yangetosha kwenye viganja viwili. Sasa yalitoka mengi, na mikono, na swali, na swali jingine. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya kugombeza, wala sikuwa naijua. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Alipogeuka kwangu tabasamu halikuwepo tena.

"Mama, ulimchukuaje huyu kwa bibi yake?"

"Alinipa mwenyewe. Mtoto hakulia hata kidogo."

"Asingelia. Bibi amemwambia akusindikize."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama mtu anayefungua kidonda cha mwenzake. Mtoto aliambiwa na bibi: mbebee mgeni mzigo, msindikize mpaka afike, halafu urudi. Basi alikuwa ananisindikiza. Kila gari liliposimama alidhani nimefika, akanirudishia mkoba na kunipa mkono wa kuagana. Nami kila mara nilimpeleka kichakani, nikampakia tena. "Anasema amechoka sana," yule mama akasema. "Anasema mgeni hafiki. Anauliza utafika lini, maana bibi yupo peke yake, na kuku hawajafungiwa."

Kwetu mtoto hufundishwa hilo mapema kuliko kuvaa nguo. Mgeni haachwi atoke peke yake, na anayesindikiza halalamiki wala hageuki mpaka aambiwe, basi, rudi sasa, umefika mbali. Mtoto wa miaka mitatu kasoro alikuwa ameishikilia adabu hiyo toka Nduguti mpaka mpaka wa nchi, na viatu miguuni, akisubiri nimwambie neno moja.

"Mwambie," nikamwomba yule mama. "Mwambie wewe unayejua lugha yake."

"Nimwambieje? Nikimwambia umefika, atageuka hapa hapa aanze kurudi. Nikimwambia hujafika, namdanganya kama bibi yake. Hii kazi ni yako, mama yangu." Akagonga mhuri. Hakunigombeza zaidi ya hapo, ila alinifundisha sentensi moja ya Kinyiramba, akanirudisha mwanzo mara tatu mpaka nikaipata. Maana yake: bibi amekupa kwangu, hatusindikizani tena.

Niliibeba sentensi hiyo mpaka Nairobi kama yai. Begi tulilikuta kwa wakala wa basi, mama wa vitenge aliliacha pale na salamu. Tulipanga chumba kwenye nyumba ya wageni yenye ngazi nyembamba, juu ya duka la vipuri, na baridi ya Julai imekaa ukutani. Mchana wa siku iliyofuata nilimkalisha kitandani. Nikauchukua mkoba mikononi mwake, nikauweka juu ya kabati asikofika. Nikaisema.

Alinisikiliza. Nadhani niliikosea kidogo, kwa sababu aliirudia kwa matamshi yake, kama anayeniuliza ndivyo ulivyotaka kusema. Nikaitikia. Akateremka kitandani, akaenda mlangoni, akajaribu kitasa. Kilikuwa juu. Ndipo akaanza kulia.

Alilia siku mbili. Nikisema siku mbili watu hudhani natia chumvi. Alilala kwa kilio na kuamka kwa kilio, akaita bibi, akaita kitu ambacho nadhani kilikuwa jina la ng'ombe. Alinipiga. Aliniuma hapa juu ya kifundo cha mkono, alama iko mpaka leo. Mwenye nyumba alipanda ngazi kuuliza kama mtoto ni mgonjwa, nikamwambia amefiwa. Sikufanya biashara yoyote. Nilitembea naye chumbani, mlango hadi dirisha, dirisha hadi mlango, miguu imevimba, na mahali fulani katika siku ya pili nilikaa chini nikamwambia kila kitu kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu kama yake. Miaka kumi na moja. Waganga, hospitali, dawa chungu. Kwamba mimi pia nimedanganywa. Kwamba sina nguvu tena na asiponitaka aseme. Tulilia wote wawili kwa lugha mbili, hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Siku ya tatu ilibidi nitoke, fedha za chumba hazikuwa za kuchezea. Nilimfunga mgongoni. Sikuwa najua kufunga mtoto. Kwa umri wangu nilikuwa nimebeba watoto wa watu kwa dakika chache tu, na kanga ililegea kila hatua ishirini, wanawake wa Nairobi wakanisimamisha wakanikazia bila kuuliza. Yeye alikuwa amenyamaza kwa uchovu, shavu limelala kati ya mabega yangu. Kwenye duka la sweta, katikati ya kupatana bei, nikahisi joto linashuka kiunoni, likafuata paja, likaingia kwenye kiatu. Mwenye duka akaruka nyuma, akaanza kufoka kuhusu sakafu yake.

Safari nzima mtoto huyu alikuwa ameomba ruhusa. Usiku wa manane aliniamsha kwa heshima zote, Mgeni, kojo. Hata kilio kilipomzidi aliteremka na kwenda kusimama karibu na ndoo. Sasa amenikojolea mgongoni mbele ya watu, wala hakusema lolote, wala hakuomba radhi. Alijisogeza tu apate upande mkavu. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka mwenye duka naye akaacha kufoka, akaniletea tambara, nikapiga magoti nikadeki sakafu yake na mtoto yuko mgongoni. Naapa sikuwa nimewahi kufurahi hivyo tangu niolewe.

Sisemi kwamba tangu siku hiyo mambo yalinyooka. Shikamoo za kila dakika ziliisha, na Mgeni likaisha, lakini hakuweka neno jingine mahali pake. Kwa majuma kadhaa hakuniita chochote. Alinivuta gauni tu. Tuliporudi Singida mume wangu aliuliza, "Vipi, amekuzoea?" Nikamwambia aniache nilale kwanza.

Nduguti sikwenda mapema. Mume wangu alisema mama anauliza habari, nikasema mvua, nikasema duka, nikasema mtoto ana mafua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemkasirikia yule bibi kwa uongo aliotutendea wote wawili, na zaidi ya hasira niliogopa. Niliogopa kwamba mtoto akiiona ile nyumba ataingia, avue viatu, na safari yake itakuwa imekwisha.

Tulikwenda mwaka uliofuata, wakati wa mavuno ya mtama. Bibi alikuwa kibarazani, amekonda. Nilipiga magoti nikamwamkia, mtoto akasimama nyuma yangu ameshika kanga. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima, nikayasema kabla hata sijapewa maji. "Mama, kwa nini ulimwambia ananisindikiza?"

Alichambua punje kadhaa za mtama kwenye ungo. "Anayesindikiza si hurudi?" akasema. "Nilijiambia mwenyewe hivyo ili niweze kumvalisha viatu. Kila jioni nimetazama njia hiyo, mkwe wangu. Nilijua hatokei, lakini nimetazama."

Hasira niliyokuja nayo iliondoka yote, nikabaki na uchovu tu. Nilitaka kumwambia mtoto asogee kwa bibi yake. Bibi mwenyewe ndiye aliyeinama, akamwita kwa Kinyiramba, kwa upole, akamuuliza kitu. Mtoto akafikiri, akanitazama, akamjibu kwa maneno mawili, akaniegemea tena.

Bibi aliweka ungo chini.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Nimemuuliza kama yule mgeni alifika salama," akasema. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Anasema, mgeni gani?"

Akainuka kwa kushika magoti yake, akaenda nyuma ya nyumba, kuku wakamfuata. Mtoto alimtazama anavyochechemea, kisha akaiachia kanga yangu na kumkimbilia. Sikumwita. Niliuvuta ungo karibu, nikaendelea kuchambua mtama, nikiwasikia wanazungumza huko nyuma kwa lugha ambayo sasa nilikuwa nashika neno hapa na neno pale.